Sinia ya Shunji

Asubuhi iliyofuata mazishi ya mkewe, Mzee Genzo Hatakeyama alisimama katikati ya jiko lake mwenyewe kama mtu aliyeingia nyumba ya watu. Paa lile alilipandisha kwa mikono yake, na mbao zake alizipasua mwenyewe katika kiwanda alichokitumikia hadi kustaafu, lakini mahali wanapowekwa dagaa wakavu hakupajua. Alifungua kabati moja akakuta mitungi ya achari. Alifungua la pili akakuta mfuko wa mwani, akafunga. Mtu aliyeogopwa na vijana wa kiwanda kizima alikuwa ameshindwa na kabati la vyombo.

Angeweza kunywa chai tupu akarudi kulala, na hakuna ambaye angemlaumu mfiwa. Lakini Tokie, alipokuwa hospitali na sauti imebaki uzi, hakumwambia mumewe aangalie afya wala apunguze pombe. Alimwambia neno moja tu: "Baba Shunji, sinia ya mtoto isikose." Kisha akafumba macho kana kwamba amekwisha kutoa maagizo yote ya dunia.

Shunji alikuwa mwana wao wa pekee, na aliondoka nyumbani miaka mingi nyuma bila kuacha anwani. Tangu siku hiyo Tokie alimwandalia kifungua kinywa kila asubuhi: wali katika bakuli lenye kifuniko, supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa, nusu kipande cha samaki wa chumvi aliyechomwa, na achari ya figili. Sinia aliiweka mahali pa Shunji, upande wa dirishani, na vijiti akavilaza mbele kana kwamba mwenyewe yuko nje ananawa. Ndivyo akina mama wa Noshiro, mji wao, walivyowafanyia waume na wana wao walio safarini, tangu enzi za vita na kabla ya vita, ili huko aliko mtu asipatwe na njaa. Wakishamaliza kula, Tokie alikifunua kifuniko cha bakuli na kukitazama kwa ndani. Kikiwa na matone ya jasho, msafiri ni mzima. "Yupo," alisema. Mchana alikila mwenyewe chakula kile, kimeshapoa, maana pensheni yao haikuwa ya kutupa chakula.

Muda wote huo Genzo alijificha nyuma ya gazeti. Hakuwahi kuuliza kitu, na ile sinia hakuwahi kuigusa hata kwa kidole. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa lile bakuli.

Asubuhi ya ugomvi, Shunji aliweka vijiti chini akasema harudi tena kiwandani, anakwenda Osaka kujifunza upishi. Genzo kwanza alicheka. Kisha akasema mwanamume wa kushinda jikoni hatoki katika ukoo wake. Neno likazaa neno. Kijana alipokuwa anavaa viatu mlangoni, begi mgongoni, baba alilichukua bakuli lake la wali akalipigiza kwenye jiwe la kizingiti.

Kwao bakuli la mtu huvunjwa siku moja tu, siku jeneza lake linapotoka mlangoni, ili marehemu ajue kuwa hana tena wali ndani ya nyumba hii na asirudi kuudai. Kumvunjia aliye hai ni laana isiyohitaji maneno. Shunji alivitazama vile vipande, akamwinamia mama yake, akaenda zake. Wahenga walisema hasira hasara, na hasara hii ilikaa mezani kila asubuhi, upande wa dirishani, ikipakuliwa wali. Tokie aliviokota vipande kwa aproni yake akaviunga kwa gundi. Kimoja cha ukingoni hakikuonekana. Hakumgombeza mumewe hata siku moja, na heri angemgombeza.

Basi asubuhi hiyo ya kwanza mzee alipika kwa kubahatisha, na jikoni kukajaa mvuke na harufu ya kuungua.

"Hodi! Au nilete ndoo za maji?"

Alikuwa jirani yao, Mama Sugawara, mjane mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka. Aliingia kwa mlango wa jikoni, beleshi la theluji mkononi.

"Napika," alisema Genzo.

"Unapika au unaadhibu? Hebu sogea huko." Alionja supu, akakunja uso mzima. "Hii siyo supu, bwana, hii ni bahari. Miso huwa haichemshwi. Unazima moto kwanza, ndipo unaikoroga. Halafu umetia dagaa! Tokie ataionjaje hii?"

"Tokie alipenda dagaa."

"Tokie wa juzi alipenda dagaa. Marehemu hali chenye uhai mpaka matanga ya siku arobaini na tisa yaishe. Mzee mzima hujui hilo? Mtawa wa hekaluni akikusikia atacheka mpaka kengele imponyoke."

Genzo alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Alisogea. Mama Sugawara akaimwaga ile bahari na kumwonyesha njia ya mtu mwenye pensheni ndogo na midomo mingi ya kulisha, ya hapa na ya huko. Unaloweka mwani na uyoga mkavu tangu jana yake. Asubuhi unachemsha, unatia tofu, lile jibini la soya, na maganda ya figili, unapunguza moto, unakoroga miso, na bakuli la kwanza linakwenda kwenye madhabahu ya nyumbani, kwa Tokie. Dagaa unawatia baada ya hapo, katika sufuria ileile, kwa ajili ya msafiri na ya aliye hai. Gesi ni ileile moja. Wali nao, ule wa juujuu kabisa, ambao haujaguswa na mtu, ni wa marehemu.

"Sasa mpakulie mwanao," alisema.

Genzo aliushika mwiko, akachota wali, akautia katika lile bakuli lenye nyufa. Akaweka mwiko chini na kuchukua kifuniko. Mama Sugawara akampiga kofi mkononi.

"Mara moja? Kupakua mara moja ni kwa maiti! Aliye hai hupakuliwa mara mbili, hata kama ya pili ni punje tano. Unataka kumuua mtoto wa watu mara ya pili?"

Alipolisema hilo alijiziba mdomo. Mtaa mzima ulijua habari ya bakuli, lakini haukuwahi kuisema mbele ya mwenyewe.

"Nisamehe, Bwana Hatakeyama. Ulimi huu nitauzika kabla yangu."

"Uache," alisema Genzo. "Umesema kweli."

Akachota tena, kidogo, kwa ncha ya mwiko. Walikula, yeye na jirani yake, kisha wote wawili wakakiangalia kile kifuniko kama watoto wanaoogopa kufungua zawadi. Mama Sugawara alikiinua. Matone yalikuwa yamejipanga ndani, na moja likadondoka juu ya wali.

"Yupo," alisema taratibu, kwa sauti ileile ya Tokie.

Genzo alitoka nje kuzoa theluji ambayo ilikuwa imeshazolewa.

Baridi ilizidi, na pensheni ikapungua, kwa kuwa serikali haimlishi maiti. Mzee alijifunza vitu ambavyo Tokie alivifanya maisha yote bila kuvitaja. Alijifunza kwenda dukani karibu na saa ya kufunga, wakati kijana wa samaki anapobandika vibandiko vyekundu vya bei iliyopunguzwa, na kuchukua vipande vya mkiani ambavyo wenye magari hawavitaki. Kipande kimoja alikikata mara mbili. Nyama nene ilikuwa ya Shunji. Mkia na ngozi vilikuwa vyake. Figili aliila yote: majani aliyakaanga kwa mchuzi wa soya, maganda yakaenda kwenye supu, na mwili wake aliuzika kwenye mtungi wa pumba za mchele ulioachwa na Tokie, ambao lazima ugeuzwe kwa mkono kila siku usije ukaoza. Mkono wake ulitoka humo ukinuka kama mikono ya mkewe. Siku ya kwanza aliposikia harufu hiyo alikaa chini pale pale jikoni akalia, aproni ya marehemu kiunoni, na acha nimseme: ilimkaa vibaya sana.

Mchana aliila ile sinia kama Tokie alivyoila. Wali baridi, samaki baridi. Ndipo alipojua mkewe alikuwa amekula nini miaka yote hiyo huku yeye akisoma habari za michezo.

Asubuhi moja alijikuta anaongea. "Shunji, samaki wa leo ana chumvi nyingi. Kunywa chai." Akaona aibu, akatazama mlangoni. Kesho yake akaongea tena, na siku nyingine tena, mpaka Mama Sugawara akamsikia kupitia dirishani.

"Mnaongea nini humo?"

"Ya kiume."

"Haya. Mwambie barabara ya kituoni ina barafu, asije akaanguka."

Kwa kweli kulikuwa na jambo moja tu alilotaka kumwambia, na alilifanyia mazoezi. "Bakuli lile, mwanangu," alianza, halafu akainuka kuongeza chai. Alianza tena, akainuka tena. Alijipa moyo kuwa siku mwenyewe atakapokaa pale dirishani maneno yatatoka. Na alikuwa amejiaminisha kuwa siku hiyo iko karibu. Mtu anaweza kukosa harusi za ukoo, anaweza kumkosa baba yake hadi kaburini, lakini kumaliza matanga ya mama yake? Habari husafiri. Mtu wa Noshiro atakutana na mtu wa Osaka, neno litafika. Kila gari lililopunguza mwendo karibu na nyumba lilimwinua mzee kitini.

Simu ililia siku chache kabla ya kumaliza matanga. Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, ya adabu nyingi. Alisema anapiga kutoka ofisi ya manispaa, huko Osaka.

"Samahani kwa usumbufu. Wewe ndiye mzee Hatakeyama, baba yake Shunji Hatakeyama?"

"Ndiye! Ndiye mimi!" Genzo alipaza sauti kwa furaha kiasi kwamba yule binti alinyamaza.

Aliponyamaza vile, mzee akaelewa. Yaliyofuata aliyasikia kama mtu anayesikiliza akiwa ndani ya maji. Shunji alikutwa chumbani kwake alikopanga. Moyo. Ilikuwa majira ya kuchipua, maua yalipokuwa yanaanguka. Mwaka ulikuwa umegeuka tangu hapo. Hakuwa na mke, wala karatasi yenye jina la ndugu, ndiyo maana imechukua muda kuwapata. Majivu yake yametunzwa vizuri. Kama baba hawezi kusafiri, yanaweza kutumwa kwa posta.

Nauli ya kwenda Osaka na kurudi ilikuwa chakula cha majira yote ya baridi. "Tumeni kwa posta," alisema Genzo. Halafu akaomba radhi kwa usumbufu ambao mwanawe amewapa, kama inavyopasa. Alipokuwa anataka kukata, akauliza, "Kazi yake ilikuwa nini?"

Karatasi zikachakarika. "Alikuwa mpishi, mzee. Kwenye mgahawa mdogo wa vibarua wa bandarini. Zamu ya alfajiri. Alipika kifungua kinywa."

Kesho yake Genzo aliamka kama kawaida. Alichemsha mwani na uyoga, akampelekea Tokie bakuli lake, akatia dagaa. Akamkata samaki. Akampakulia Shunji mara mbili, akafunika. Unaweza kumwita mwendawazimu, lakini hujawahi kuwa na mwana ambaye bado hujamwomba msamaha. Mradi sinia iko dirishani, kulikuwa na mtu wa kuambiwa.

Mama Sugawara alichungulia mlangoni. "Kimetoa jasho?"

Genzo alikifunua. Matone yalikuwa pale, mengi, yanang'aa.

"Yupo," alisema.

Jirani akaenda zake ameridhika. Mzee akabaki amekishika kifuniko mkononi, maji yanamtiririkia kwenye kiganja. Kiangazi chote Tokie alikifunua hivi na kusema yupo, na mtoto alikuwa ameshakuwa majivu. Wali wa moto ukifunikwa hutoa jasho. Hilo kila mpishi analijua, na Tokie hakuwa mjinga. Labda alijua tangu siku ya kwanza kuwa kifuniko hakina habari yoyote ya kumpa, akakiuliza hivyohivyo kila asubuhi, kwa sababu mumewe alikuwa nyuma ya gazeti na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Aliendelea kuweka sinia mpaka kifurushi kilipofika.

Mtu wa posta alikileta mchana, theluji ikianguka, akakishika kwa mikono miwili na kuinama. Mama Sugawara alikuwa kwenye uchochoro anazoa theluji. Aliona Genzo anagonga muhuri wa kupokea, akasogea kuchungulia ni nani amempelekea mzee zawadi. Karatasi iliyobandikwa juu ilisema wazi kilichomo, na jina.

Beleshi lilimponyoka. Aliingia naye ndani, akaichemsha chai yeye mwenyewe, akaisahau jikoni.

"Tangu lini?" aliuliza mwisho.

"Tangu majira ya kuchipua."

"Na wewe umejua lini?"

"Kabla hujaniuliza juu ya kifuniko."

"Ee, baba yangu." Alijifuta uso kwa ukingo wa kilemba chake cha kazi. "Tokie ameondoka bila kujua."

"Bila kujua. Afadhali."

"Siyo afadhali, siyo mbaya. Sijui ni nini." Alilitazama lile boksi lililofungwa kitambaa cheupe, kisha akatazama rafu ya vyombo. Alikuwa mtu wa desturi, na mtu wa desturi akichanganyikiwa hushika desturi. "Inabidi livunjwe bakuli lake, Bwana Hatakeyama. Asije akahangaika njiani. Nikuvunjie mimi kama mkono ni mzito?"

Genzo alilichukua bakuli akalikalisha mapajani. Gundi ya Tokie ilikuwa imegeuka rangi ya chai katika kila ufa, na pale ukingoni pengo lilikuwa palepale.

"Lilishavunjwa, Mama Sugawara," alisema. "Nilimvunjia akiwa hai, mbele ya macho yake. Alitii. Hakurudi kudai wali."

Jirani alilia kwa sauti basi, akimlilia Shunji aliyemjua akiwa na kamasi, akimlilia Tokie, na nafikiri kidogo akimlilia na mzee huyu mbishi aliyekaa wima kama mti na kulia bila sauti.

Asubuhi iliyofuata Genzo alipika peke yake. Alichemsha mwani na uyoga. Alitia tofu na maganda ya figili, akapunguza moto, akakoroga miso. Alipakua bakuli la Tokie, na mkono ukamwendea mfuko wa dagaa kwa mazoea. Aliurudisha. Akapakua bakuli la pili kutoka supu ileile isiyo na dagaa.

Sinia ya Shunji aliiondoa dirishani, akaibeba hadi kwenye madhabahu, akaiweka ubavuni mwa sinia ya mama yake. Wiki zote hizo mama na mwana walikuwa upande mmoja, na yeye, kwa ujinga wake, amekuwa akiwatenga mezani, huyu huku bila samaki, huyu kule na samaki. Akaigeuza sinia, ili vijiti vielekee kule waliko, siyo huku kwetu. Kisha akaushika mwiko, akapakua wali katika bakuli lenye nyufa, mara moja. Mkono ulitaka kurudi sufuriani kuchota tena. Aliuzuia kwa mkono mwingine, akauweka mwiko chini.

Alifukiza udi, akagonga kengele ndogo, akainama.

"Bakuli lile, mwanangu," alisema, na safari hii hakuishia hapo. "Nilikosea. Nisamehe."

Alingoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Halafu akarudi jikoni. Kipande cha samaki kilikuwa juu ya kibao, na kisu kando yake, tayari kwa kukatwa mara mbili. Hapakuwa na mtu wa kumkatia. Akakichoma chote, nyama nene na mkia, akakiweka kwenye sahani yake na kuketi mezani, kiti cha dirishani kikiwa kitupu. Alikula taratibu hadi ngozi, kwa sababu Tokie hakupenda chakula kitupwe, na kilikuwa kingi mno kwa mtu mmoja.